Wosia kwa Wanangu wa Masijala

Wanangu,

Ijumaa nakabidhi funguo za masijala. Baraka zangu mnazo. Kabla sijaondoka Kampala, nina neno moja la kuwaachia, nalo linahusu mafaili ya kompyuta.

Kazi za ofisi zihifadhini katika muundo ulio wazi: maandishi yaishie na .odt, majedwali ya hesabu .ods, slaidi .odp. Huo ndio OpenDocument, uliopitishwa na OASIS mwaka 2005 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Maelezo yake yamechapishwa, hivyo fundi yeyote, wa Wandegeya au wa Berlin, anaweza kuunda programu ya kuusoma bila kumwomba mtu ruhusa. Chukueni nakala ya .odt, badilisheni mwisho wa jina uwe .zip, kisha ifungueni. Ndani mna faili liitwalo content.xml, na maneno yenu yanasomeka humo hata bila programu ya ofisi. Ndiyo maana nauamini.

Mihtasari yetu ya miaka ya tisini ilihifadhiwa kwa programu iliyokwisha kutoweka sokoni. Karatasi zake bado nazisoma kabatini. Disketi zake hakuna kompyuta hapa inayozifungua. Najua mtaniambia docx, muundo wa Word, nayo ni ya ISO tangu 2008. Ni kweli, lakini mengi ya mafaili hayo yamebeba mambo ya zamani ya programu moja, nyingine hubahatisha, na jedwali lililopangika ofisini linafika kwa mpiga chapa wa Nasser Road limevurugika.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, kule Nkozi, kilihamia programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Serikali ya Uingereza iliuchagua OpenDocument mwaka 2014 kwa nyaraka ambazo watu wanazihariri pamoja.

Sasa wenzenu. Msiwahubirie, na msiwatumie waraka wa amri. Tengenezeni violezo vya barua, muhtasari wa kikao na fomu ya likizo. Mtu akivikuta tayari, atajaza tu. LibreOffice, programu huria ya ofisi, huhifadhi katika OpenDocument yenyewe. Wenye Word kaeni nao mezani, muwabadilishie mipangilio ya kuhifadhi mara moja. Anayesoma tu apate PDF, atakayehariri apate .odt. Mhasibu mwacheni awe wa mwisho. Majedwali yake yana makro alizozijenga kwa miaka, na nyingine zitagoma. Mkimharibia hesabu mwisho wa mwezi, hatawasikiliza tena, na atakuwa na haki.

Mkuu akiuliza faida, msianze na bei ya leseni, ingawa nayo ni nzito. Mwambieni kwamba mwananchi anayeandikiwa na ofisi hii hapaswi kununua programu ya kampuni fulani ndipo asome barua yake. Kwangu hilo ndilo kubwa.

Yale ya zamani ambayo bado yanafunguka, yafungueni mwaka huu huu, myahifadhi upya, na nakala asili msizifute. Nawaomba mwanze Jumatatu.

Mzee wenu