Mti wa Majani ya Mchuzi Katika Nchi Kavu ya Voi

Voi ni mji wa njia panda. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa ikielekea Kisumu, ikafika huko mwaka 1901. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilijengwa tawi la kwenda Taveta kwa ajili ya majeshi. Barabara nazo zafuata mpango huo huo: moja yashuka Mombasa, mwendo wa kilomita 160 hivi, ya pili yapanda Nairobi, na ya tatu yaelekea magharibi chini ya milima ya Taita mpaka Taveta. Kiingiacho Voi leo, kesho huweza kuwa Wundanyi au Taveta. Jambo hilo yafaa likumbukwe na kila mtu atakaye kuwa na mti wa majani ya mchuzi nyumbani kwake.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi na Sri Lanka. Wagujarati huuita mitho limdo, yaani mwarobaini mtamu, kwa kuwa majani yake yafanana na ya mwarobaini. Hata hivyo, ndugu zake wa ukoo ni mchungwa, mlimau na mndimu. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga reli ile, na wengine walikuja baadaye wakafungua maduka kando ya stesheni. Na kwa muda wa miaka mingi majirani wamejifunza mapishi yao. Majani haya yakikaangwa kidogo katika mafuta pamoja na haradali, kisha yakatiwa katika dengu, kunde au mchuzi wa samaki, chakula hupata harufu nzuri isiyopatikana kwa kiungo kingine. Lakini yakikaushwa, sehemu kubwa ya harufu hupotea. Ndiyo sababu mpishi hupenda mti uwe karibu na mlango wa jiko.

Joto la Voi laufaa sana mti huu. Huko Wundanyi, palipo juu zaidi na penye baridi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, hukua polepole, na hauna budi kupandwa mahali penye jua la kutosha na pasipo upepo. Taveta kuna joto pamoja na maji ya chemchemi. Shida ya Voi ni maji: mvua za masika na za vuli ni chache, na kati yake ardhi nyekundu hukauka kabisa. Watu wanunuao maji kwa mtungi hawawezi kuyamwaga ovyo.

Basi, njia ya busara ni kuanza na mti mmoja katika debe lililotobolewa chini. Udongo mwekundu uchanganywe na mchanga na samadi iliyokwisha kuoza, ili maji yapite upesi, kwa maana mizizi ikilowa siku zote huoza. Kabla ya kumwagilia, mtu atie kidole udongoni. Ukiwa mbichi, na angoje. Maji yaliyooshea mchele au mboga yafaa. Yenye sabuni au chumvi hayafai. Mche mchanga huhitaji kivuli wakati wa adhuhuri. Juu ya udongo yatandazwe majani makavu kuzuia ukavu, lakini yasiguse shina, yasije yakawavuta mchwa.

Mti ukifika magotini, ncha yake ikatwe ili utoe matawi mengi. Wakati wa kuvuna, heri kuchuma kikonyo kizima pamoja na vijani vyake vyote, wala usipukutishwe wote kwa siku moja. Maua yakitokea yaweza kukatwa ili nguvu irudi katika majani. Yakiachwa, huzaa matunda madogo meusi. Watoto waonywe wasile mbegu zake, kwani zina sumu.

Lakini mbegu hizo hizo ndizo njia salama ya kuueneza mti, na hapa pana jambo kubwa. Yuko mdudu mdogo sana, asiyezidi milimita 4, afyonzaye utomvu wa vichipukizi vya michungwa, naye hupenda kuzaana katika mti huu. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba ameonekana Kenya. Mdudu huyo aweza kueneza ugonjwa ambao hugeuza majani ya mchungwa kuwa na mabaka ya manjano, na matunda kuwa madogo, yaliyopindika na machungu. Mchungwa uliokwisha kuugua hauna dawa. Mtu aletaye mche wa majani ya mchuzi kutoka pwani kwa basi aweza kumleta mdudu huyo bila kujua, na mche ukapandishwa milimani, karibu na michungwa ambayo jirani yake huitegemea kwa karo za watoto.

Kwa hiyo yafaa kuomba matunda yaliyoiva badala ya mche. Nyama yake iondolewe, mbegu zioshwe na kupandwa mara moja, maana zikikauka haziwezi kuota vizuri. Katika udongo wenye joto huanza kuota baada ya majuma machache. Aliye na mti tayari auchungulie kila juma: vichipukizi vikijikunja, au vikionekana na nyuzi nyeupe kama nta, vikatwe na kuchomwa moto papo hapo, na afisa wa kilimo aarifiwe. Majani mabichi kutoka sokoni nayo yaoshwe vizuri, na takataka zake zisitupwe chini ya mchungwa.

Kazi hii haidai shamba wala fedha nyingi. Yadai debe, samadi kidogo, maji ya kuoshea mchele, na subira ya mwaka mmoja au miwili kabla ya kuchuma kwa wingi. Mwenye kuifuata atapata majani mabichi hata wakati wa kiangazi, na jirani yake wa milimani hatapoteza michungwa yake.