Thamosi ni ya Maji, si ya Maziwa

Wengi huja hapa kusoma kuhusu Python na hifadhidata, na najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Niko nyumbani Kabati (ile ya Kitui Magharibi, si ile ya Murang'a), nalea. Binti yetu Mwende ana wiki saba. Mama yake yuko kwenye matibabu ambayo daktari alisema hayaendi pamoja na kunyonyesha, kwa hivyo mtoto anakunywa maziwa ya kopo, na wanaoyatengeneza ni mimi na mama yangu.

Kabla mtu hajanikaripia: ndiyo, maziwa ya mama ndiyo bora, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni mtoto anyonye bila kuongezewa kitu kingine kwa miezi sita. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayozuia kampuni kuyatangaza maziwa haya kwa wazazi, na mimi naiunga mkono. Lakini zipo nyumba ambazo hazina njia nyingine, na huko kazi ni moja tu: kuyatengeneza sawasawa, mara saba au nane kwa siku, pamoja na ile ya saa tisa usiku.

Mimi kila kitu kipya huanza kwa kusoma maelezo yake. Nikasoma ya kwenye kopo, kisha nikasoma mwongozo wa WHO na FAO wa mwaka 2007. Havikubaliani! Yako makopo mengi yanayosema uchemshe maji, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo utie unga. Mwongozo unasema maji yanapokutana na unga yasiwe chini ya nyuzi 70 za selsiasi. Sisi tunaoandika programu tunajua maelezo mawili yakipingana lazima uulize sababu, usichague tu lile lililo rahisi.

Sababu ni hii: unga wa maziwa haukutengenezwa ukiwa hauna vijidudu kabisa. Kiwanda kinaweza kuwa kisafi na bado bakteria wachache wakaingia, hasa Salmonella na mwingine aitwaye Cronobacter sakazakii, ambaye huvumilia ukavu kwa muda mrefu. Ni nadra kuleta ugonjwa, lakini akimpata mtoto mchanga anaweza kumletea homa ya uti wa mgongo. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi miwili, waliozaliwa kabla ya wakati na wenye kinga dhaifu. Februari 2022 kampuni ya Abbott ya Marekani iliyaondoa sokoni maziwa ya unga ya kiwanda chake cha Sturgis, Michigan, baada ya watoto kadhaa kuugua. Wakaguzi walimkuta bakteria huyu kiwandani, ingawa haikuthibitishwa kwamba ndiko alikowatokea watoto hao. Kwa hivyo maji ya moto hayaui tu vijidudu vya maji. Yanaua pia vilivyo kwenye unga. Ukiyapoza kwanza umeitupa hatua hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme bakteria mmoja anagawanyika kila nusu saa kwenye maziwa ya vuguvugu. Kwa saa sita atagawanyika mara kumi na mbili, na mmoja atakuwa 4,096. Walikuwa mia? Fanya hesabu mwenyewe.

Hapo ndipo tulipokwaruzana kidogo na Mwaitu (ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba). Yeye alitaka kutengeneza maziwa ya siku nzima asubuhi, ayatie kwenye thamosi ya chai, kila saa amimine kidogo yakiwa tayari na joto lake. Kwa mtu anayeteka maji, anayewasha jiko na kulisha mbuzi, ni mpango wa busara kabisa. Nikamweleza habari ya bakteria, akaniangalia tu. "Baba Mwende, mimi nimelea watoto saba. Wewe umelea tarakilishi."

Nikaacha bakteria. Nikamuuliza, "Mwaitu, ukitaka maziwa yagande unafanyaje?"

"Naweka kwenye kibuyu, mahali penye joto, nayaacha."

"Na thamosi ina tofauti gani na kibuyu chenye joto?"

Akanyamaza. Baadaye nikamsikia akimweleza jirani kwamba thamosi ni ya maji, si ya maziwa. Sijawahi kuandika maelezo ya programu yaliyoeleweka vizuri kuliko hayo.

Na kweli thamosi ndiyo imetuokoa. Maji yakichemka tunaijaza mpaka juu. Niliijaribu kwa kipimajoto cha jikoni: tuliijaza saa tatu usiku, na saa tisa maji yalikuwa bado nyuzi 78. Yenu ipimeni wenyewe, maana kuukuu haishiki joto. Kumbukeni pia kwamba huku Kitui tuko juu ya mita elfu moja, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Bado yanatosha, lakini yanaanzia chini kidogo. Kwa asiye na thamosi wala kipimajoto, iko kanuni rahisi: chemsha lita moja, funika, tumia kabla ya nusu saa kwisha. Maji kidogo kwenye kikombe hupoa haraka zaidi, usiyatumie kwa kanuni hiyo.

Jambo jingine ni maji yenyewe. Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi haichemki ikaondoka. Maji yanapungua, chumvi inabaki. Sisi tunatumia ya mvua kutoka kwenye tangi kwa chupa za Mwende, na ya kisima kwa kazi nyingine.

Utaratibu wetu umebandikwa ukutani:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chupa na chuchu zake zisuguliwe kwa brashi, kisha zichemshwe kwenye sufuria iliyofunikwa.
2. Pima maji ya moto kwanza, kisha unga, kwa vijiko vilivyosawazishwa kama kopo linavyosema. Usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Najua bei inauma, lakini mtoto atashiba maji na kukonda.
3. Zungusha, kisha poza chupa kwenye bakuli la maji baridi. (Maji hayo wanakunywa kuku, hayamwagwi.)
4. Dondosha matone kwenye kifundo cha mkono. Yawe vuguvugu. Maji ya nyuzi 70 yanaunguza, hatua hii hairukwi hata ukiwa na usingizi.
5. Yasiyonyweka ndani ya saa mbili, mwaga.

Mwenye friji anaweza kuweka chupa iliyopozwa haraka kwa saa 24, nyuzi zisizidi 5. Kuipasha, itie kwenye maji ya moto kwa dakika zisizozidi 15. Maikrowevu usitumie, kwa kuwa inapasha upande mmoja zaidi, ukigusa chupa unadhani ni vuguvugu kumbe katikati panachoma. Sisi stima hukatika, kwa hivyo hatutegemei friji. Tunatengeneza chupa moja kwa wakati wake.

Nilianza hata kuandika programu ya simu ya kuhesabu zile saa mbili. Nikaiacha. Simu ya Mwaitu ni kabambe. Tunabandika kipande cha selotepu ya karatasi kwenye chupa na kuandika saa kwa kalamu. Haihitaji chaji, na anayeshika zamu hahitaji kumwamsha mwenzake kumuuliza.

Mimi ni fundi wa programu, si daktari. Kama mtoto wako alizaliwa kabla ya wakati, au kopo lako lina bakteria rafiki ambao maji ya moto huwaua, muulize nesi wa kliniki kabla ya kunifuata mimi. Na kama chupa ni ngumu kusafisha, muulize pia kuhusu kumlisha kwa kikombe kidogo kilicho wazi. Kikombe hakina kona za kuficha uchafu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda na Mwende akilala, tutarudi kwenye hifadhidata.