Kitabu Kilichonipeleka Bunda

Nalipokuwa mvulana wa darasa la sita mjini Musoma, baba yangu mdogo aliniletea kitabu kikubwa, ambacho kurasa zake zapita 600. Jina lake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Chasimulia maisha ya watu wa kisiwa cha Ukerewe siku za kale, kabla wageni wa Ulaya hawajafika, wakati ambapo habari zote za nchi zilikaa katika vichwa vya wazee. Mzee alipokufa, mengi aliyoyajua alikwenda nayo kaburini.

Ukerewe si mbali na kwetu. Mtu akitoka Bunda na kufuata njia ya Kisorya, hufika ufukoni, akapanda kivuko mpaka Rugezi, naye amekwisha ingia Ukerewe. Kwa hiyo nalipokisoma kitabu kile naliona kama nasomewa habari za majirani. Kila jioni, kazi za nyumbani zilipokwisha, nalikaa karibu na taa nikasoma habari za kulima, kuvua na kuwinda. Lakini palipokuwa na maamkio marefu na mashauri ya wazee, nalifunua upesi nikapita. Nalimaliza kitabu chote kwa namna hiyo, nikajisifu mbele ya wenzangu ya kuwa nimekisoma.

Yafaa nieleze kidogo habari za mtungaji. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma katika shule ya misioni ya Kagunguli huko Ukerewe, kisha katika seminari ya Rubya katika nchi ya Wahaya. Alipoona desturi za kale zinasahauliwa, alishika kalamu ili vijana wazijue. Aliandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, akamaliza mwaka 1945. Padre Almas Simard, aliyetoka Kanada, alikifasiri kitabu kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla hakijachapwa. Miaka ikapita, maandiko yakakaa bure. Kitereza hakukata tamaa. Alipokwisha kuwa mzee, alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa. Hivyo kitabu kilisafiri miaka 35 kabla ya kuwafikia wasomaji. Mwaka uliofuata, yaani 1981, mzee alifariki. Yeye na mkewe Anna walizaa watoto, lakini wote walikufa, naye hakumwacha mkewe kwa sababu hiyo.

Sasa nitasema habari zangu mwenyewe, ijapokuwa si za kujisifu.

Baba yetu alipokufa aliacha mtumbwi mmoja mzuri. Kaka yangu alikuwa akiishi Bunda, nami nalikuwa Musoma karibu na ziwa. Siku moja mtu alinipa bei njema, nikauuza mtumbwi ule bila kumwuliza kaka, na fedha yote nikaitumia peke yangu. Kaka aliposikia, aliniletea neno moja tu kwa mtu aliyekuwa akija Musoma. Alisema, "Mwambie nimesikia." Mimi nalikasirika kana kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa. Tukakaa miaka sita bila kuamkiana. Wahenga walisema, mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Mwaka juzi naliugua mguu, nikalazimika kukaa nyumbani majuma matatu. Katika sanduku la zamani nalikikuta kitabu cha baba mdogo, jalada limechakaa na kurasa zimeliwa pembeni na mende. Nalianza kukisoma tena ili nipitishe siku, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, safari hii sikuruka neno.

Ndipo nilipoona yale niliyoyapita utotoni. Myombekere na Bugonoka walipendana, lakini hawakubahatika kupata mtoto wa kuishi. Jamaa za mume wakamsimanga mke, hata wazazi wake wakaja kumchukua, wakamrudisha kwao. Myombekere akabaki peke yake katika nyumba yenye baridi. Angaliweza kuoa mke mwingine, na jamaa zake wangalifurahi. Hakufanya hivyo. Alifunga safari kwenda kwa wakwe zake, akaketi mbele yao kama mtu mwenye deni. Nao hawakumpa mke wake siku ile. Walimtoza pombe ya ndizi, naye alirudi kwake, akahangaika mpaka akaipata, akaipeleka. Baada ya hayo ndipo alipoondoka na Bugonoka wake.

Nalipokuwa mtoto nalidhani safari ile ni fupi, haina simba wala vita, ya nini kuisoma? Sasa nalifahamu ya kuwa ni ndefu sana, kwa maana kila hatua mtu huyo alikuwa anaukanyaga moyo wake mwenyewe. Nalikifunga kitabu nikanyamaza. Kitereza alizika watoto wake, akaandika habari za watu wanaotafuta kuunganika tena. Mimi nalikuwa na ndugu aliye hai, mwendo usiofika saa mbili kwa basi, nami naliishi kana kwamba sina.

Mguu ulipopona, nalinunua samaki wakavu, nikapanda basi la Bunda. Nawaambieni kweli, naliogopa. Tulipofika njia panda ya kwenda Butiama, abiria wawili walishuka, nami naliinuka nusu nikitaka kushuka ili nirudi Musoma. Ndipo nikakumbuka habari ya mtoto mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Tanzania. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alitoka kwao kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi kwa miguu. Yeye, mtoto, alikwenda kwa miguu mahali asipopajua. Mimi, mtu mzima, nakwenda kwa gari kwa ndugu yangu, nami nataka kurudi! Naliketi tena.

Nalimkuta kaka chini ya mwembe, anatengeneza mpini wa jembe.

Nalisema, "Shikamoo, kaka."

Alikaa kimya kitambo, kisha akajibu, "Marahaba. Wataka nini?"

Maneno ya uongo yalinijia mdomoni, ya kuwa napita tu na nimeona vema niwajulie hali. Lakini nalijilazimisha, nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya mtumbwi wa baba. Naliuuza bila kukuuliza, na fedha nikala peke yangu. Nimekosa, kaka."

Akaweka jembe chini. "Nimesikia," akasema. "Niletee nusu ya bei. Ukimaliza, tutazungumza mengine."

Mara ya kwanza neno lile lilinichoma, kwa maana nalitumaini kusamehewa bure. Kisha nalikumbuka wakwe wa Myombekere, nikaona ya kuwa kaka amenifanyia hisani. Mtu akikutoza deni, ni dalili ya kuwa anakutazamia urudi. Aliyekukata kabisa hakudai kitu. Shemeji alipokea samaki, akapika ugali, tukala sote kwa sinia moja bila maneno mengi.

Nalilipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane, na kila mwezi nalipeleka mwenyewe. Siku ya mwisho kaka alizipokea zile fedha, hakuzihesabu, akazitia mfukoni. Akaniuliza, "Nasikia una mtoto ambaye sijamwona?"

Nikajibu, "Ndiyo, kaka. Sasa ana miaka mitano. Tulimpa jina la baba."

Akatazama chini kwa muda. Kisha akasema, "Mlete nimwone."

Basi, wasomaji wapenzi, kitabu kizuri kisomeni zaidi ya mara moja. Maneno yake hukaa vile vile, lakini ninyi mtakuwa mmekua, na pengine mtakuwa mmekosa pia, nanyi mtayaona yale mliyoyaruka mlipokuwa wadogo. Na kama yuko mtu mliyemkosea, msingoje ugonjwa wa mguu uwakalishe chini. Nendeni kwake mapema, nanyi mkubali kulipa atakachowatoza.