Ubavu kwenye Upepo

Mwanangu wa mwisho amenunua basi bovu, analigeuza kuwa nyumba. Swali lake: feni au kiyoyozi? (Habari za kupasha joto tuwaachie watu wa Makete.) Nilimpeleka Ocean Road, hapa Kivukoni, nikamwonyesha hospitali waliyoijenga Wajerumani mwaka 1897: varanda pana, zinazotazama bahari. Bati likishapigwa na jua la Januari, kiyoyozi peke yake kitakula umeme wa LUKU bila kushiba. Nikamwambia aezeke makuti juu ya paa, aache nafasi hewa ipite kati, na basi alielekeze ubavu, si pua, kwenye upepo wa kaskazi.

"Na usiku usio na upepo, baba, na mtoto mchanga ndani?"

Nilifikiri kitambo. Tukashika njia ya Kariakoo kununua feni. Tundu la kiyoyozi alikate, alizibe kwa ubao kwanza. Mkewe anajifungua mwezi ujao.