Bonyeza Ndiyo

Printa yangu iko sakafuni, kati ya kitanda na jiko la gesi, kwa sababu keja yangu ya Zimmerman haina mahali pengine pa kuiweka. Nikitaka kujua imebakisha wino kiasi gani, napiga magoti, nawasha tochi ya simu na kuinamisha kichwa mpaka shavu linakaribia kugusa zulia, halafu naangalia matangi manne yaliyo pale mbele: nyeusi, njano, samawati na waridi. (Kwenye chupa hiyo ya waridi imeandikwa majenta. Mimi nimezoea waridi.) Kila tangi lina mistari miwili, wa juu na wa chini. Wino ukiwa katikati, nalala. Ukiukaribia ule wa chini, natafuta pesa.

Kuna njia rahisi kuliko hiyo. Unafungua laptopu, unaingia kwenye mipangilio ya printa, unabofya sehemu ya matengenezo, na hapo unaonyeshwa vichupa vinne vya rangi, visafi, vimepangwa kama soda kwenye friji ya duka. Watu wengi huishia hapo. Mimi pia niliishia hapo mpaka Novemba 2024, wiki tuliyomzika nyanya.

Ngoja nieleze kidogo, maana wateja huniuliza na huwa sina muda wa kuwajibu. Vile vichupa vya kwenye skrini havijauona wino wako. Printa nyingi za nyumbani hazina kijiti cha kuchovya kama kile mekanika anachopimia oili ya gari. Zinahesabu. Kila tone linalorushwa kwenye karatasi ni dogo ajabu, picolita chache tu, na picolita ni lita iliyogawanywa mara trilioni moja. Mashine inahesabu matone iliyorusha, inaongeza wino uliotumika kusafisha kichwa chake (na kusafisha kunakula wino vibaya, usikubonyeze ovyo), inatoa kwenye kile ilichoanza nacho, kisha inakuchorea kichupa. Ni makadirio. Kwenye printa za katriji, chipu ndogo iliyobandikwa kwenye katriji ndiyo hubeba hiyo hesabu.

Lakini printa ya tangi unaijaza mwenyewe kwa chupa, na yenyewe haiwezi kujua umemimina kiasi gani. Kwa hivyo yangu inauliza. Umejaza mpaka mstari wa juu? Ukibonyeza ndiyo, inasahau yote ya nyuma na kuanza kuhesabu upya kutoka kamili. Haikagui. Inakuamini kabisa.

Sasa, printa hii ndiyo karo yangu.

Mapema 2023 nilikuwa mwaka wa pili, nasomea ualimu. Chuo sitakitaja. Nilikuwa nadaiwa elfu arobaini na saba na mtihani ulikuwa wiki mbili mbele, na bila kumaliza deni hukuingia kwenye chumba cha mtihani. Mama akakopa kwenye chama chake akanitumia elfu kumi na nane. Yeye ni fundi cherehani Voi, anashona sare za shule. Nilizitazama zile pesa kwenye simu siku tatu. Zilikuwa nyingi mno kwa aliyezituma na chache mno kwa aliyekuwa akinidai. Siku ya nne, saiba moja karibu na kwetu ikafungwa na mwenyewe akawa anauza vitu. Printa, elfu kumi na moja. Elfu saba ikaenda kwa kodi ya nyumba. Nilijiambia ni kwa muhula mmoja tu, nizungushe pesa, nirudi.

Usiku huohuo mama alipiga. "Zimefika?"

"Zimefika."

"Umelipa?"

Nikasema ndiyo.

Sikurudi. Sio eti nilikaa chini nikaamua. Muhula ulipita, ukapita mwingine, halafu ikawa ngumu hata kupitia njia ya lango la chuo. Mchana naandika. Kazi inayolipa ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kwa hivyo kimsingi nimeshasoma digrii kadhaa za Marekani na Uingereza, zote kwa majina ya watu wengine. Jioni naprinti. Mzazi anabisha saa tatu usiku, mtoto amekumbuka sasa hivi kwamba mwalimu alitaka picha za wanyama wa porini kwa ajili ya kazi ya CBC, ziwe za rangi, kesho asubuhi. Kuna siku nimeprinti twiga mpaka nikamchukia twiga. Kuna CV, fomu za kazi, barua za wenye nyumba. Ploti nzima inanijua kama yule dem wa printa.

Na mama akaendelea kuhesabu. Kila akipiga simu alikuwa ameshafika mbele. "Si sasa ni mwaka wa tatu?" "Bado mihula mitatu, eeh?" Mimi nilikuwa sina hata haja ya kudanganya tena. Ile ndiyo ya kwanza ilikuwa inafanya kazi yote. Mwaka jana aliniambia amepata kitambaa kizuri cha bluu, atajishonea rinda la mahafali mapema kabla wateja wa Januari hawajambana.

Nyanya alifariki siku ya Ijumaa, usingizini. Jumatano mama akanipigia, sauti imekauka. "Wewe ndiye msomi wetu. Tutengenezee kile kitabu." Kitabu cha mazishi, nakala mia moja na ishirini. Mjomba akanitumia wasifu kwa WhatsApp, vipande kumi na vitatu, vingine ameandika na vingine amerekodi kwa sauti huku kuku wakilia nyuma. Picha ya jalada ilikuwa moja tu ambayo kila mtu aliikubali: nyanya amekaa nje ya nyumba yake, amejifunga leso nyekundu, uso umeiva kwa jua la jioni.

Nilipanga kurasa nane kwenye karatasi mbili za A4. Jalada na ukurasa wa mwisho hukaa upande mmoja wa karatasi, ndivyo vijitabu vinavyokunjwa. Kwa hivyo ukiikunjua, kulia una nyanya na leso yake, kushoto una orodha ya aliowaacha. Watoto saba. Wajukuu kwa majina. Kwenye jina langu mjomba alikuwa ameongeza, *mwanafunzi wa mwaka wa nne chuoni*. Mimi pekee ndiye niliyeongezewa kitu. Nilichapa jinsi alivyotuma. Ningefuta, nani angeuliza? Lakini nilikuwa nimechoka, au nilikuwa mwoga, na saa sita usiku hivyo viwili vinafanana sana.

Kabla ya kuanza niliangalia wino. Kwenye laptopu. Waridi ilikuwa zaidi ya nusu.

Hapa ndipo inabidi nirudi nyuma kidogo. Miezi miwili kabla, waridi ilikuwa imepungua na sikuwa na pesa ya chupa nzima ya mililita 65. Kijana mmoja River Road hukuuzia wino kidogo kwa sindano, kama dawa ya kikohozi. Niliweka kiasi cha vidole viwili. Mashine ikauliza kama nimejaza mpaka mstari wa juu, na nilikuwa na mteja amesimama mlangoni, kwa hivyo nikabonyeza ndiyo.

Nakala za kwanza zilitoka vizuri sana. Nilizipanga kitandani. Kwenye ya arobaini na nne leso ilikuwa na rangi ya chungwa. Nikafikiri ni karatasi. Arobaini na tano, njano. Zilizofuata nilizitazama zikitoka bila kufanya chochote, sijui kwa nini, nilikuwa nimekaa tu sakafuni: uso wa nyanya ukageuka kijani, kijani cha ukuta wa zahanati, na kijani hicho kikashuka mpaka shingoni. Ukiondoa waridi, njano na samawati zinabaki peke yake, na zikikutana huzaa kijani. Nilijua hilo tangu shule ya msingi. Nilipowasha tochi, tangi lilikuwa kavu hata chini ya mstari wa chini. Kwenye laptopu, kichupa bado kilikuwa zaidi ya nusu.

Nilimpigia mama. Nilijua hajalala.

"Wino umeisha," nikasema. "Nimefika arobaini na tatu."

"Si uliniambia umeangalia?"

"Niliangalia, mama. Kompyuta ilisema uko."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia watu wa matanga wakiimba kwa mbali. "Na hiyo kompyuta iliambiwa na nani?"

Hakuwa anamaanisha kitu. Ni mtu wa kupima nguo kwa futi. Ukimletea vipimo vya mtoto kwa mdomo hukataa, anataka mtoto mwenyewe asimame mbele yake. Lakini sikuweza kujibu. Nikasema nitanunua asubuhi.

Alhamisi saa mbili nilikuwa tauni. Chupa, elfu moja na mia moja, pesa niliyokuwa nimeitenga kwa nauli. Nikamkopa jirani. Nilijaza taratibu, jicho kwenye mstari wa juu. Tangi likikauka hivyo, hewa huingia kwenye mirija, kwa hivyo ilibidi nisafishe kwa kina, usafishaji ule wa kunywa wino kama ngamia. Kisha nikaprinti ukurasa wa majaribio, vimistari vyake vyote vikatoka bila kukatika. Mashine ikauliza. Nikaangalia tena kwa tochi, na kwa sababu usafishaji ulikuwa umeshakula sehemu, nikaongeza mpaka ukafika. Ndipo nikabonyeza ndiyo.

Halafu nikafungua faili na kufuta maneno sita kando ya jina langu. Nakala sabini na saba.

Zile arobaini na tatu ningezichana. Lakini karatasi ni pesa, wino ni pesa, na nyanya alikuwa ametoka vizuri sana kwenye zile za kwanza. Nikazichanganya zote kwenye katoni moja nikapanda basi la usiku. Voi tulifika bado giza, nikachukua matatu ya Wundanyi, ule mlima wa baada ya Mwatate nikiwa nimepakata katoni kama mtoto.

Tulimzika Jumamosi saa nane. Mvua ilinyesha kidogo ikaacha.

Jioni nilikuwa nasugua masufuria nyuma ya nyumba. Mama akaja akakaa kwenye gogo, vitabu viwili mkononi. Cha kwanza alikuwa amepewa kanisani, cha pili amekiokota kwenye kiti. Alivifungua vyote kwenye mapaja, ukurasa wa nyuma.

"Kipi ndicho?"

Nilijua ningeweza kusema nilisahau kurekebisha kimoja. Lingeaminika.

"Hicho kisicho na kitu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

"Zile elfu kumi na nane?"

"Ndiyo printa."

Alivikunja vitabu polepole kwenye mkunjo wake uleule, kimoja ndani ya kingine. Nilisubiri alie au anitukane. Ndani mtu alikuwa anauliza chumvi iko wapi, na mama akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba iko juu ya kabati. Kisha akaniambia, "Kile kitambaa nilishakikata," akainuka akaenda.

Hakuongea nami mpaka nilipoondoka, na baada ya hapo simu zangu akawa hachukui. Niliandika ujumbe mrefu nikaufuta. Nikamtumia elfu mbili za deni la chama, zikapokelewa kimya. Wiki iliyofuata nikatuma elfu moja na mia tano.

Wiki ya nne, Jumanne usiku, simu ikatetemeka. Ilikuwa PDF kutoka kwa mama, bila salamu. Kumbukumbu za kikao cha chama, kurasa tatu, na kwenye ukurasa wa kwanza nembo yao mpya ambayo mtoto wa mtu amewachorea, mikono miwili imeshikana ndani ya duara jekundu. Chini yake ameandika: *Nakala 20. Za rangi. Tuma na basi la kesho. Tutalipa.*

Halafu, baada ya dakika moja: *Angalia wino kwanza.*

Nikawasha tochi nikapiga magoti.