Mzee wa Mizani

Mjukuu wangu wa kidato cha nne anaamini kwamba ndoo hupakwa rangi zikishatengenezwa. Nilimkwangulia ya kwetu kwa kisu: nyekundu juu, nyekundu ndani, nyekundu mpaka upande wa pili. Akasema, "Basi babu, waliichovya." Shule ni ya kulipia, tena ya ghali.

Kiwanda chetu kilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni ya Nyerere, kwa upande wa Chang'ombe. Niliingia mwaka 1983. Kitambulisho changu cha kazi kinasema 1984. Nikijaribu kukumbuka kwa foleni ya sukari sipati msaada, maana foleni ilikuwepo miaka yote ile. Tuliache hilo. Tulifyatua ndoo, mabeseni na madumu.

Plastiki huja kiwandani haina rangi, punje zenye weupe uliofifia, kwenye magunia ya kilo 25. Rangi tulitia sisi, na nikisema sisi nina maana ya mzee mmoja aliyekaa chumba cha pembeni na mizani ya shaba. Ujanani alipima karafuu Pemba. Tulimwita Mzee wa Mizani, na hata meneja alibisha hodi kabla ya kuingia kwake.

Rangi ilikuwa unga mkavu ndani ya madebe. Mzee alimimina punje kwenye pipa, akanyunyiza mafuta ya madini ili unga ushike, akatia unga wenyewe, akafunga kifuniko na kutuita sisi vijana tulibiringize pipa sakafuni. Mafuta yakizidi, punje huteleza kwenye skrubu ya mashine na ndoo inatoka pungufu. Yakipungua, unga unajitenga na beseni linakuja na michirizi. Kipimo cha mafuta hakikuandikwa popote. Mzee alitazama mawingu, akapapasa punje, akaamua.

Unga ule haukuwa na adabu. Siku ya bluu tulitema mate ya bluu. Marehemu mke wangu alijua tumefyatua nini kwa kuangalia kola ya shati. Manjano yetu ilikuwa ya risasi na nyekundu ya kadmiamu, rangi zilizopendwa na viwanda kwa sababu zilivumilia moto wa mashine, nyuzi 200 na zaidi, bila kufifia. Kwamba ni sumu hatukuambiwa, na barakoa hatukupewa. Lakini harufu ya mahali pale, plastiki ya moto kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, iliyochanganyika na kahawa ya tangawizi ya Mzee, bado naitafuta.

Wiki nzima ilipangwa kwa rangi. Tulianza na nyeupe, tukaja manjano, nyekundu, kijani, bluu, na nyeusi mwisho. Kutoka nyeusi kurudi nyeupe kulikula nusu siku ya kusukuma punje tupu mashineni, na ukidhani umemaliza, nukta nyeusi inachungulia. Madonge ya kusafishia mashine, yenye rangi zote kwa pamoja, waliyachukua watoto wa Keko. Sijaona mchezo mzuri kuliko walioucheza nayo.

Kisha kulikuwa na kisa cha kijani. Vifuniko vya kijani havikukaa kwenye ndoo zake, ingawa moldi ilikuwa ileile iliyotoa vyekundu vizuri. Mzee alisema kijani kina roho mbaya. Wataalamu wanasema rangi za jamii ya fthalosianini, bluu na kijani, huifanya plastiki igande na kusinyaa isivyo sawa inapopoa. Dawa ya Mzee ilikuwa kukiacha kifuniko ndani ya moldi muda mrefu zaidi, na wataalamu hao hao hawampingi.

Masterbachi ikaja, enzi za ruksa zikiwa zimeshika kasi: rangi iliyokwisha kushindiliwa ndani ya punje za plastiki. Nusu kilo kwa gunia, changanya, washa mashine. Vumbi likaisha, na kwa mapafu yangu nashukuru. Mzee alizitia kiganjani, akazinusa, akauliza, "Hizi anapika nani?" Hakujibiwa. Alistaafu, akarudi Pemba, akafia huko.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Zikaja punje za kukinga jua kwenye viti, punje za kuteleza ili mdomo wa mfuko wa rambo ufunguke kirahisi, punje nyeusi za mabomba ya maji, ambayo kaboni yake lazima iwe kati ya asilimia 2 na 2.5 ili jua lisiyapasue. Rambo zenyewe zikapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Hizo sizililii.

Ninalolililia ni beseni. Rangi ya siku hizi haina mchirizi hata mmoja, na chini yake wanaficha wanachotaka: plastiki iliyosagwa na kurudiwa mara kadhaa, pamoja na unga wa chokaa unaoingia nao kwa mfumo wa punje. Juzi Kariakoo kijana aliniuzia beseni jeusi linalong'aa. "Hili zito, mzee, siyo yale mepesi." Nyumbani nilikata chenga ukingoni, nikaitia kwenye kikombe cha maji. Plastiki ya ndoo huelea. Ile ilizama. Nilimrudishia beseni lake siku ya pili, akanipa la kijani kwa bei ileile.