Nakshi Ni Yangu, Mkono Ni Wake



Miongoni mwa kazi zote za mikono tunazozifanya wanawake, sijui iliyo na umri mfupi kuliko hina. Mshonaji huacha nguo, msukaji huacha mkeka, na mdarizi huacha kofia itakayovaliwa hata na mjukuu. Mpakaji hina hukesha akiinakshi mikono na miguu ya bibi harusi, na baada ya wiki mbili hivi kazi yote imekwisha kufifia pamoja na ngozi inayojibadilisha. Hakuna kabati la kuihifadhi wala ukuta wa kuitundika. Kinachobaki ni picha, nayo picha isiyotunzwa hupotea upesi kuliko hina yenyewe.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mitano sasa nimekuwa na jalada la kazi zangu mtandaoni, yaani mahali pamoja nilipokusanya picha za kazi nilizozichagua, kila moja na maelezo yake, ili atakaye kuujua mkono wangu aingie atazame. Akina mama na mabinti wengi huniuliza namna ya kuunda jalada kama hilo. Jibu langu huwa ni kwamba kuliunda ni shughuli ya wiki moja. Mtihani uko katika kulitunza, kwani jalada la kazi ni amana: ndani yake mna kazi yangu, lakini mna pia mikono ya wanawake walioniamini.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niliyeletwa Murang'a na ndoa. Mji huu, ambao zama za Waingereza ukiitwa Fort Hall, umekaa juu ya vilima, na asubuhi za Juni na Julai ukungu hufunika mabonde kama blanketi. Waislamu tuliopo ni wachache, na wapakaji hina ni wachache zaidi. Wateja wangu hutoka Nyeri, Karatina, Sagana na Thika, na aghalabu hatujuani kabla ya siku ya kazi. Kwetu Mombasa sifa ya mpakaji hupita katika midomo ya majirani, harusi moja ikaleta nyingine. Huku bara, mama anayemwoza binti yake Nyeri hajapata kuiona kazi yangu katika mkono wa mtu yeyote. Mmoja wao aliniuliza kwa simu, kwa adabu kabisa, "Dada yangu, nitaujuaje mkono wako kabla sijakuita nyumbani kwangu?" Swali lake lilikuwa la haki, na kwa swali hilo jalada langu lilianza.

Kabla ya kueleza nilivyolijenga, ningependa tutazame kidogo habari za mafundi waliotutangulia, kwani jambo la kuhifadhi kazi halikuanza na simu. Hapa Murang'a, ndani ya kanisa kuu la Kianglikana, mna michoro mikubwa ya ukutani iliyochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere. Picha hizo ni za imani ya wenyewe. Mimi nilikwenda kutazama kazi ya mkono. Nikaona namna alivyowachora watu wenye sura za Kiafrika katika mandhari yanayofanana na vilima hivi ninavyovitazama kila siku kutoka dirishani. Mwaka 1965 Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, ambacho kikawa nyumba ya wasanii wengi. Mwaka 1997 moto ulikiunguza kituo hicho, na kazi nyingi za miaka mingi zikateketea. Michoro ya Murang'a ilikuwa mbali na moto huo, na ipo hata leo. Ninapoyakumbuka haya hujiambia kwamba kazi iliyowekwa mahali pamoja tu ni kama mayai yaliyowekwa katika tenga moja.

Nasi watu wa pwani tunaye Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga mbao. Miswada ya tenzi aliyoiandika kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu imehifadhiwa katika maktaba za London na Ujerumani. Desturi ya wanakili wa zamani ilikuwa kuumaliza muswada kwa kutaja jina la aliyeuandika na tarehe aliyoumaliza. Mstari huo mdogo ndio uliowafaa waliokuja nyuma. Lakini milango mingi ya kale ya Lamu na Mombasa tunaisifu bila ya kujua ni kazi ya fundi yupi, kwa kuwa mlango hauna ukurasa wa mwisho wa kutia jina. Ikiwa mlango wa mvule umempoteza fundi wake, seuze hina ya wiki mbili?

Basi nilipoanza, nilikuwa na picha zaidi ya mia nne katika simu. Nyingi zilikuwa za usiku, chini ya taa ya manjano, hina ikiwa bado mbichi mkononi. Picha ya namna hiyo huonyesha ustadi wa mchoro lakini haionyeshi rangi, kwani hina hutoka na wekundu wa chungwa siku ya kwanza, kisha hukolea siku ya pili. Nikaweka desturi ya kumwomba bibi harusi au dada yake anipigie picha siku ya pili, karibu na dirisha, bila ya kutumia mwanga wa simu. Mwanga wa asubuhi ya ukungu wa Murang'a, ambao nilipohamia nilikuwa nikiulalamikia, kumbe ni mwanga mzuri kwa picha, kwa sababu hauleti vivuli vikali.

Katika mia nne nilichagua ishirini. Wanaoanza huona uzito hapa, kwani kila kazi ina kumbukumbu yake, nawe wataka kuziweka zote. Lakini mgeni hana haja ya kuona mikono mia nne. Ana haja ya kuona kwamba unaweza kuchora maua makubwa ya mtindo wa Kiarabu na pia nakshi ndogondogo za Kihindi, na kwamba kazi ya mwaka huu imeipita ya mwaka juzi. Chini ya kila picha niliandika mwezi na mwaka, mji, mtindo nilioufuata, na vitu nilivyotumia. Palipo na hina ya majani yaliyosagwa, iliyokorogwa kwa limau, sukari na mafuta, nimesema hivyo. Piko situmii juu ya ngozi, kwa kuwa rangi hiyo ya nywele imewaunguza wanawake wengi, na hilo pia nimeliandika. Pale ambapo nakshi nimeitoa kwa mpakaji mwingine, nimemtaja kwa idhini yake. Jalada lenye uongo mdogo ndani yake halina faida, kwa sababu mteja atakuja kuudai mkono usiokuwa wako.

Nimeeleza hata habari za baridi. Mkono wenye baridi haushiki rangi vizuri, kwa hiyo katika miezi ya baridi wateja wangu hukaa karibu na jiko la makaa na kufukiza mikono kwa moshi wa karafuu. Mama mmoja wa Karatina aliniambia kuwa maelezo hayo, kuliko picha zote, ndiyo yaliyomfanya aniite.

Sasa nije katika jambo lililonifanya niandike makala haya. Tangu mwanzo nilijiwekea masharti: siweki uso wa mtu, siweki jina, na siweki mkono wa mtu bila ya ridhaa yake mwenyewe, hata kama mama yake au mumewe ameridhia. Wapo wasiopenda hata mkono wao uonekane, na hao kazi yao hubaki baina yangu na wao. Picha iliyosifiwa kuliko zote katika jalada langu ilikuwa ya bibi harusi aliyeridhia kwa furaha. Nakshi yake ilipanda kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, nami niliibuni mwenyewe kwa muda wa siku nne. Wateja watatu waliniita kwa ajili ya picha hiyo peke yake.

Baada ya mwaka mmoja na nusu alinipigia simu. Ndoa ile ilikuwa imevunjika. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kila mtu katika ukoo wao anaujua mkono ule, na pete ile, na kwamba jamaa walikuwa wakitumiana picha hiyo kwa maneno yasiyofaa. Hakunilaumu. Aliniomba tu niiondoe.

Binti ya kaka yangu, anayesoma chuo hapa Murang'a na ambaye hunisaidia katika mambo ya kompyuta, alisikitika.

"Shangazi, si aliridhia mwenyewe? Na hiyo ndiyo kazi yako bora."

"Aliridhia, mwanangu. Leo haridhii."

"Basi tukate pete, tubakishe vidole tu."

"Na yeye akiviona vidole vyake hatavijua?"

Hakujibu. Tuliiondoa picha jioni ile ile, tukaiondoa pia kila mahali pengine nilipokuwa nimeiweka, na nikawaandikia wawili walioisambaza kwa kuisifu, nikawaomba waifute. Baadaye nilijua kwamba hata sheria ya nchi iko upande wa mwanamke yule: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa aliyokwisha kuitoa. Lakini kabla ya sheria kuna heshima. Mkono wa mtu haukuwa wangu hata siku moja; niliazimwa.

Palibaki pengo katika jalada, na moyoni pia, kwa kuwa nisingependa kusema kwamba kazi ya siku nne ilikuwa si kitu. Wiki iliyofuata nilikaa na karatasi nyeupe na kalamu ya wino, nikaichora nakshi ile upya kutoka kumbukumbuni, jani kwa jani, bila ya mkono wa mtu. Nilipomaliza niliona jambo ambalo picha haikupata kunionyesha. Nakshi ni yangu. Mkono ni wake. Vitu hivi viwili vilikuwa vimeshikamana kwa wiki mbili tu, na havikuwa na haja ya kushikamana milele. Tangu siku hiyo kila mchoro mpya ninaoubuni nauchora kwanza katika karatasi, nauandikia jina na tarehe kama walivyofanya wanakili wa Lamu, na karatasi hiyo ndiyo inayotangulia katika jalada. Lipo na jambo la faida: kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, mchoro wa msanii hulindwa tangu anapouchora, na akitaka ushahidi zaidi aweza kuusajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Hivi ndivyo ninavyolitunza jalada. Mara mbili kwa mwaka, baada ya Idi na baada ya harusi za Disemba, hukaa jioni moja na binti ya kaka yangu tukalipitia lote. Tunaongeza kazi tatu au nne, na tunatoa idadi hiyo hiyo. Tunahakikisha namba ya simu ni ile ninayoitumia. Ninawaandikia wanawake ambao mikono yao bado imo, nikawauliza kama wangali radhi. Huchukua nusu saa, na wengi hunijibu kwa dua. Aliyebadili nia hana haja ya kunieleza sababu.

Kisha tunaweka nakala. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace ulitangaza kwamba nyimbo, picha na video zilizokuwa zimewekwa humo zaidi ya miaka mitatu kabla zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo, na waimbaji waliokuwa hawana nakala nyingine walipoteza kazi zao za ujana. Moto una sura nyingi. Kwa hiyo kazi zangu zimo mtandaoni, zimo katika kifaa kidogo cha kuhifadhia data ninachokiacha kwa mama yangu Mombasa, na michoro ya karatasi imo katika faili ndani ya sanduku la nguo. Lolote litakalotokea kwa kimoja, Inshaallah viwili vitabaki.

Enyi akina mama wenye mabinti wanaoshona, wanaodarizi, wanaooka keki au wanaoandika khati, msiwaache wangoje mpaka wawe na kazi mia. Waanze na tano zilizo safi, kila moja na tarehe yake na ukweli wake. Na kabla ya kuweka ya sita, wajifunze kuuliza, "Je, mwenyewe yuko radhi?", kisha wajifunze kuuliza tena mwaka unaofuata. Atakayelizoea swali hilo, watu watamwamini kwa mikono yao, na hapo ndipo kazi hupatikana.

Wabillahi tawfiq.